Maji Mengi Kupita Kiasi Yanadhuru: Mwongozo Kamili wa Kujua Kiasi Kinachokufaa

Mama yangu alilazwa hospitali kwa sababu ya maji. Hayakuwa machafu, yalichemshwa, yakachujwa, yakapozwa mtungini. Kosa lilikuwa wingi wake. Alitumiwa ujumbe wa WhatsApp unaosifu "tiba ya maji": glasi nne ukiamka tu, kabla hujapiga mswaki, kisha uendelee kutwa nzima na magonjwa yatakukimbia. Mama alikuwa na miaka 68, ana presha, anameza kidonge cha kukojoza, na kwa kuwa aliwahi kuambiwa apunguze chumvi, alikuwa ameiacha kabisa. Baada ya wiki kama tatu akaanza kuyumba akitembea. Hamu ya kula ikaisha. Akawa anamwita mjukuu wake kwa jina la kaka yake ambaye ni marehemu.

Sisi tulidhani ni uzee. Jirani alidhani ni malaria imempanda kichwani. Kwenye duka la dawa tulikoanzia tuliambiwa amekaukiwa, tumpe maji zaidi, nasi tukampa. Kipimo cha damu ndicho kilichotufumbua macho: sodiamu, yaani ile chumvi ya ndani ya damu, ilikuwa imeshuka hadi 118. Kawaida yake ni kati ya 135 na 145.

Basi, je, maji yakizidi yanadhuru kweli? Ndiyo, yanadhuru, na yanaweza kuua. Lakini sitaki mtu yeyote asome hapa kisha aogope glasi. Kwa mtu mzima mwenye afya hatari hii ni adimu, na walio wengi wanaoshinda juani wanaumia kwa kukosa maji, si kwa kuyazidisha. Ninachokipinga ni ule ushauri wa "kunywa maji mengi" unaogawiwa kwa kila mtu kana kwamba miili yote ni mmoja. Kiasi kinachomfaa mwendesha bodaboda wa Dodoma mwezi wa kumi kinaweza kumlaza kitandani bibi mwenye moyo uliochoka. Hatua zifuatazo zitakusaidia kujua wewe uko wapi.

Hatua ya 1: Elewa maji yakizidi yanafanya nini mwilini

Figo za mtu mzima mwenye afya, zikifanya kazi kwa nguvu zake zote, hutoa takriban lita 0.8 hadi lita 1 ya maji kwa saa. Ukinywa lita tatu ndani ya saa moja, lita kama mbili zimebaki ndani yako zikisubiri zamu. Wakati huo huizimua damu, kama mchuzi ulioongezewa maji mgeni alipoingia: chumvi ni ile ile, lakini sasa ni nyepesi.

Maji hufuata chumvi. Damu ikiwa nyepesi kuliko seli, maji hutoka kwenye damu na kuingia ndani ya seli, nazo zinavimba. Seli za mguu zikivimba, ngozi hutanuka na maisha yanaendelea. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu la mfupa, hauna pa kutanukia. Ndiyo maana dalili karibu zote za maji kuzidi ni za kichwani: kuumwa kichwa, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, degedege, kupoteza fahamu.

Wengi huishia hapo, lakini kuna mambo mengine mawili, na ndiyo yaliyomwangusha mama.

La kwanza ni homoni. Ubongo una homoni yake ya kuziamuru figo zibane maji yasitoke. Ukinywa maji ya kutosha, homoni hiyo hupungua na mkojo hutoka mwingi na mweupe. Lakini maumivu makali, kichefuchefu, mazoezi ya saa nyingi na baadhi ya dawa huifanya iendelee kutoka hata maji yakiwa yamejaa. Hapo ile lita moja kwa saa haipo tena. Mtu anaweza kuzidiwa na maji ambayo siku nyingine yangepita bila shida.

La pili ni chakula. Figo haziwezi kutoa maji matupu. Kila lita ya mkojo lazima ibebe chumvichumvi na mabaki ya protini uliyokula. Anayekula milo yake mitatu yenye ugali, maharage na dagaa ana mizigo ya kutosha kusindikiza maji mengi sana nje, hata lita kumi kwa siku. Anayeshinda kwa matunda na chai ana mizigo michache, na kikomo chake kinaweza kushuka hadi lita nne au chini ya hapo kwa siku nzima. Madaktari huiona hali hii kwa watu wanaokunywa bia bila kula na kwa wazee wanaoishi kwa chai na mkate. Hata hizi programu za "kusafisha mwili" kwa maji ya matango wiki nzima bila chakula zinampeleka mtu huko huko: maji yanaongezwa na cha kuyatoa kinaondolewa.

Hatua ya 2: Jua wewe ni nani kabla ya kujaza glasi

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke. Kama umo kwenye mojawapo ya makundi haya, kiasi chako cha maji ni jambo la kuzungumza na daktari wako, na ujumbe wa kusambazwa kwenye simu haukuhusu.

Wenye figo zilizodhoofika, hasa wanaosafishwa damu kwa mashine. Kati ya siku moja ya kusafishwa na nyingine, maji hayana njia ya kutoka. Yanajaa miguuni, kisha kwenye mapafu, na mtu anashindwa kuhema akilala chali. Kanuni inayotumika sana ni kiasi cha mkojo uliotoka jana, ukaongeza nusu lita, lakini kipimo chako atakupa anayekutibu. Kuna mbinu nyepesi ya kukifuata. Asubuhi jaza chupa kwa kiasi ulichoruhusiwa. Kila ukinywa chai, uji, supu au soda, mimina kiasi hicho hicho cha maji kutoka kwenye ile chupa. Chupa ikiisha, siku imeisha. Barafu unayomung'unya inahesabiwa. Tikiti maji linahesabiwa. Madafu yanahesabiwa, na tena yana potasiamu nyingi ambayo figo mbovu hushindwa kuitoa na ambayo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo usiyaguse kabla ya kuuliza.

Wenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri. Kwao mizani ni rafiki kuliko glasi. Jipime kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula, ukiwa umevaa nguo zile zile. Uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, huo haujawa mnofu; ni maji. Wahi kliniki siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kadi. Wenye ini lililosinyaa na tumbo kujaa maji nao wamo kwenye hesabu hii.

Wanaotumia dawa fulani. Vidonge vya presha vya kukojoza ndivyo vinavyoongoza, na vingi vimechanganywa na dawa nyingine ndani ya kidonge kimoja, kwa hiyo mtu hajui kama anavitumia. Angalia pakiti: ukiona herufi HCT au HCTZ, jua kidonge chako kinatoa chumvi kupitia mkojo. Kabamazepini ya kifafa, fluoksetini na jamaa zake za sonona, na vituliza maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, vyote vinaweza kuzifanya figo zibane maji. Usiache dawa yoyote kwa sababu umesoma hapa. Muulize daktari swali moja: "Kwa dawa hizi ninazotumia, ninywe maji kiasi gani, na ni lini mara ya mwisho mlipima sodiamu yangu?" Sisi hatukuwahi kuuliza.

Wazee kwa ujumla. Mambo mawili yanagongana kwao: kiu hupungua na umri, kwa hiyo ni rahisi kukaukiwa, na figo huchoka, kwa hiyo ni rahisi pia kuzidiwa. Mzee anahitaji maji kidogo kidogo, mara kwa mara, pamoja na chakula. Ukimlazimisha mitungi hujamsaidia.

Kuna pia wenye maradhi ya akili ambao hunywa bila kukoma, hata kutoka kwenye bomba la uani usiku. Ukimhudumia ndugu wa namna hiyo, mwambie daktari wake waziwazi. Ni sehemu ya ugonjwa, si ukaidi.

Na kama kiu yako haikatiki, unaamka usiku mara nne kukojoa na kilo zinapungua, usijibane maji. Nenda kapime sukari. Kiu ya namna hiyo ni mwili unaopiga kelele, na kuunyima maji kutakudhuru zaidi.

Upande wa pili wapo wanaohitaji kuongeza: aliyewahi kupata mawe ya figo, mama anayenyonyesha, anayefanya kazi juani, mwanamke anayesumbuliwa na UTI ya kujirudia. Hao wa mwisho walichunguzwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018: wanawake 140 waliokuwa wakinywa maji kidogo, nusu yao wakaongeza lita moja na nusu kwa siku kwa mwaka mzima, na maambukizi yao yakapungua sana. Maji ni dawa kwa anayeyahitaji.

Hatua ya 3: Achana na glasi nane, soma mwili wako

Hesabu ya glasi nane inapendwa kwa kuwa inakaririka. Chimbuko lake linalotajwa sana ni mapendekezo ya lishe ya Marekani ya mwaka 1945 yaliyosema mtu mzima anahitaji takriban lita 2.5 kwa siku. Mapendekezo hayo hayo yalisema sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo ndani ya chakula. Watu walibeba ile namba, haya mengine wakayaacha njiani. Mwaka 2002 Heinz Valtin, mtaalamu wa figo wa Marekani, alitafuta ushahidi wa kisayansi kwamba kila mtu anahitaji glasi nane, asiupate.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2010 ilitaja lita 2 kwa wanawake na 2.5 kwa wanaume, na hizo ni pamoja na maji ya kwenye chakula na vinywaji vyote. Fikiria mlo wa kwetu: uji asubuhi, chai saa nne, ugali uliosongwa kwa maji, mchicha, mchuzi wa maharage, chungwa. Umeshakunywa kabla hujanyanyua glasi. Kisha mwaka 2022 ukachapishwa utafiti uliopima maji yanayoingia na kutoka mwilini kwa watu 5,604 wa nchi 23. Tofauti zilikuwa kubwa mno, zikifuata joto la mahali, kazi ya mtu, umri na ukubwa wa mwili. Hakuna namba moja inayoweza kuwaenea wote hao.

Basi tumia vipimo viwili ulivyozaliwa navyo. Cha kwanza ni kiu: ukisikia kiu kunywa, kiu ikikatika acha. Kwa kijana mwenye afya, katika siku ya kawaida, hiki kinatosha. Cha pili ni mkojo. Ukiwa wa manjano hafifu, kama maji ya limau yaliyozimuliwa, uko sawa. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi na ni mchache, ongeza maji. Ukiwa mweupe kama maji ya bombani kutwa nzima na unakwenda chooni kila baada ya nusu saa, umezidisha, punguza. Usiusome mkojo wa kwanza wa asubuhi, huo kwa kawaida ni mzito. Na ukumbuke kwamba vidonge vya vitamini B huufanya uwe wa manjano ya kung'aa, na dawa za TB huugeuza rangi ya chungwa. Hapo rangi haikuambii kitu kuhusu maji.

Hatua ya 4: Tawanya maji, usiyamwage kwa pamoja

Kasi inaua haraka kuliko wingi. Lita tatu kuanzia alfajiri hadi usiku ni kawaida kwa mtu wa Pwani. Lita tatu ndani ya saa moja ni hatari kwa mtu yeyote. Kwa mtu mzima mwenye afya, weka kikomo chako chini ya lita moja kwa saa, yaani glasi tatu hivi za mililita 250, hata kama una kiu kali. Kunywa, pumzika, kula kitu, kunywa tena.

Januari 2007, kituo kimoja cha redio cha Sacramento, Marekani, kilifanya shindano la kunywa maji bila kwenda kukojoa, zawadi ikiwa mashine ya michezo ya video. Mama mmoja wa watoto watatu, mwenye miaka 28, alishiriki kwa ajili ya wanawe. Aliondoka akilalamika kuumwa kichwa, akafariki siku ile ile. Ukiona vijana wanawekeana dau la kumaliza dumu la maji, kwenye sherehe au mbele ya kamera ya simu, lizuie. Huo si mchezo.

Wakati wa Ramadhani wengi hushindilia maji kwenye daku wakitumaini yatawafikisha magharibi. Mwili hauna tangi. Maji mengi ya ghafla hutoka kwa mkojo ndani ya saa chache, na saa nne asubuhi kiu imerudi. Gawanya: glasi mbili za futari, kisha moja moja kila baada ya muda kati ya tarawehe na kulala, na mbili za daku pamoja na chakula chenye kubaki tumboni.

Kipimo cha altrasaundi ya nyonga nacho kina mtego wake. Unaambiwa unywe karibu lita moja, usikojoe, kibofu kijae. Foleni inakuwa ndefu, unashindwa kujizuia, unakojoa, unaanza upya na lita nyingine, mara ya tatu. Usifanye hivyo kimyakimya. Mweleze muuguzi umeshakunywa kiasi gani, na kama una presha, moyo au figo sema kabla ya chupa ya kwanza.

Hatua ya 5: Kwenye jasho, rudisha na chumvi

Jasho lina maji na chumvi. Ukirudisha maji peke yake kwa saa nyingi, chumvi inabaki na pengo. Mbeba zege, mvuvi, mkulima na mkimbiaji wote wako hapa.

Ni wakimbiaji waliotufundisha zaidi. Mwaka 1985 Tim Noakes, daktari na mtafiti wa michezo, na wenzake wa Cape Town waliandika habari za wanamichezo wanne waliozidiwa na maji kwenye mashindano ya saa nyingi. Wakati ule wakimbiaji walikuwa wanahimizwa wanywe kabla kiu haijawashika, na wachache walisikiliza onyo la Noakes. Mwaka 2002, kwenye mbio za Boston, mwanamke wa miaka 28 alifariki kwa sababu hiyo. Katika mbio hizo hizo watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliofika mwisho: asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya 135 au chini yake, na watatu walikuwa 120 au chini, kiwango cha kuhatarisha maisha. Dalili iliyowatambulisha zaidi ilikuwa kwamba walimaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Kukimbia kilomita 42 kisha uongezeke uzito kuna maana moja tu.

Kwa hiyo kama unajiandaa kwa mbio za Moshi, Nairobi au popote, fanya hivi kwenye mazoezi. Jipime kabla na baada ya mbio ya saa moja, ukiwa na nguo chache na umejifuta jasho. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho, na kama ulikunywa njiani, ongeza kiasi hicho. Sasa unajua unatoka jasho kiasi gani kwa saa, na hutakiwi kunywa zaidi ya hapo. Siku ya mbio kunywa kwa kiu. Si lazima uchukue kikombe kwenye kila meza, hasa kama unakwenda taratibu na utakuwa barabarani zaidi ya saa nne. Walio nyuma ndio wenye muda mwingi wa kunywa. Pete ikianza kubana kidole au mkanda wa saa ukikaza, acha maji. Vinywaji vya michezo havikulindi kama chupa zinavyodai, kwa kuwa chumvi yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya damu; ukivinywa kupita kiasi, utazidiwa vile vile.

Kwa kazi ya kutwa juani, mpango mzuri ni kikombe kila dakika 20 au 30, na mlo halisi katikati ya siku. Mihogo na kachumbari yenye chumvi, supu, samaki mkavu: hivyo vinarudisha kilichotoka kuliko kidonge chochote. Jeshi la Marekani, baada ya askari wake kadhaa kuzidiwa na maji mafunzoni, liliweka mwaka 1998 kikomo cha takriban lita 1.4 kwa saa na lita 11 na kitu kwa siku, na hapo ni kwa vijana wenye afya wanaotoka jasho jingi kwelikweli. Usikichukue kama lengo lako.

Kwenye Kilimanjaro waongoza wageni huhimiza lita tatu au nne kwa siku, na ushauri huo ni mzuri maadamu unazigawa kutwa na unakula supu yako hata kama hamu haipo. Tatizo ni kwamba kuumwa kichwa, kichefuchefu na kuyumba ni dalili za ugonjwa wa mwinuko na pia ni dalili za maji kuzidi. Usilitibu kila kichwa kwa kumimina lita nyingine. Anayeyumba au anayechanganyikiwa mlimani anateremshwa, sababu iwe yoyote, na uchunguzi unafanyika chini.

Hatua ya 6: Kwa kuhara na kutapika, tumia ORS

Kwenye kuhara, hasa kipindupindu, mwili unapoteza maji na chumvi kwa wingi. Maji matupu yanarudisha nusu ya deni na kuifanya damu iwe nyepesi. Pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, ndiyo jibu. Isome kwanza: nyingi ni za lita moja, nyingine ni za kiasi kidogo, na ukizimua kupita maelekezo umeiharibu. Kama hakuna pakiti, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, bila kilima juu. Onja: isiwe na chumvi kuliko machozi. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo, wa miaka miwili hadi kumi mililita 100 hadi 200, kwa kijiko, taratibu. Akitapika subiri dakika kumi, anza tena polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Hatua ya 7: Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi maji

Naandika hili nikijua bibi wengi hawatanipenda. Jua ni kali, mtoto analia, midomo inaonekana mikavu, na kila mtu nyumbani anasema "mpe japo kijiko". Maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 88, na Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba kwa miezi sita ya kwanza mtoto hahitaji kingine, hata kwenye joto. Figo zake bado ni changa, tumbo lake ni dogo. Maji yanaizimua damu yake haraka, yanachukua nafasi ya maziwa, na kiasi ambacho wewe ungekiona kidogo kinaweza kumletea degedege. Joto likizidi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na mama ndiye anywe maji.

Kwa anayetumia maziwa ya kopo, usiongeze maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Najua bei yake. Lakini maziwa yaliyozimuliwa yana hatari ile ile, pamoja na njaa. Fedha zikikatika, nenda kliniki ya mtoto uombe msaada kabla ya kuanza kuzimua.

Hatua ya 8: Tambua dalili mapema, na ujue la kufanya

Mwanzoni ni kichwa kuuma, tumbo kujaa, kichefuchefu, uchovu usioeleweka, vidole kuvimba. Zikifuata kutapika, kuyumba, kuropoka, usingizi mzito au degedege, hiyo ni dharura ya dakika, si ya kesho.

Jambo gumu ni kwamba dalili hizi zinafanana sana na za kukaukiwa. Jiulize: amekunywa kiasi gani leo, na amekojoa vipi? Aliyekaukiwa ana kiu, mdomo mkavu, mkojo mchache wa rangi nzito. Aliyezidiwa kwa kawaida hana kiu na amekuwa akinywa sana. Usitegemee mkojo mweupe peke yake, kwa sababu homoni ikibana, mkojo unaweza kuwa mchache hata maji yakiwa yamejaa.

Ukishuku maji yamezidi, acha kumpa kinywaji chochote. Kama dalili ni ndogo, yuko macho kabisa na hana ugonjwa wa moyo wala figo, anaweza kula kitu chenye chumvi huku mkimwangalia. Akianza kuchanganyikiwa, usimpe chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu na mwende hospitali yenye maabara inayoweza kupima sodiamu. Degedege likimshika, ondoa vitu vilivyo karibu, usimwingize kijiko katikati ya meno.

Mkifika, semeni kwa sauti: "Amekunywa maji mengi, tangu saa fulani, kiasi hiki," na mtoe pakiti zote za dawa zake mezani. Taarifa hiyo inabadilisha aina ya dripu atakayowekewa. Bila hiyo anaweza kupewa dripu ya kuongeza maji kwa mtu ambaye tayari amejaa maji.

Msishangae matibabu yakienda polepole baada ya hatari ya kwanza kupita. Mwenye degedege hupewa maji ya chumvi nzito haraka ili ubongo upungue uvimbe, lakini baada ya hapo madaktari huipandisha sodiamu kwa kipimo, kwa kawaida isizidi namba 8 hadi 10 kwa saa 24, kwa kuwa ikipanda kwa ghafla inaweza kuharibu mishipa ya fahamu ya ndani ya ubongo na kumwacha mtu amepooza. Mama alizuiwa maji, akabadilishiwa kidonge cha presha, akapimwa damu mara kwa mara, nasi tukakaa pale tukitazama namba: 118, 123, 127. Ilipofika 131 aliamka, akamtazama mjukuu wake, akamwita kwa jina lake.